"Usanifu" au "Lugha ya Maagizo"? Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Kichakataji cha Kompyuta

1. Utangulizi

Kosa la istilahi katika hati ya zabuni halionekani siku hati inaposomwa. Huonekana mwaka wa pili, mashine zikiwa zimekwisha kulipiwa. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na ofisi moja kuifasiri hati ya ununuzi wa kompyuta. Mashine zilizopendekezwa zilikuwa na kichakataji cha aina tofauti na kile cha mashine za zamani, na hati ilieleza jambo hilo kwa sentensi moja tu. Mimi, kwa kufuata mazoea, niliandika kwamba mtengenezaji "amebadilisha usanifu wa kichakataji". Wajumbe wa kamati walilisoma neno usanifu kama walivyolizoea: mchoro wa kitu, umbo lake na uzuri wake. Mmoja wao aliuliza kama mashine mpya zitaenea juu ya meza zilizopo. Hakuna aliyeuliza kama programu ya mishahara itaendelea kufanya kazi. Haikuendelea.

Kosa lile lilikuwa langu, na makala haya ni jaribio la kulirekebisha hadharani. Swali linalohusika ni hili: je, inafaa mtengenezaji wa kompyuta aache kichakataji ambacho programu za wateja wake zimeandikiwa, achukue kingine? Kampuni ya Apple ya Marekani imelijibu swali hilo kwa vitendo mara tatu, kuanzia mwaka 1994, 2006 na 2020. Kwa kuwa habari zake zinajulikana sana, tutazitumia kuwa kipimo cha istilahi zetu. Tunashika kanuni moja: istilahi njema ni ile inayomwezesha msomaji kuona faida na hasara ya jambo linaloamuliwa. Istilahi inayomficha hasara, hata ikiwa nzuri masikioni, imeshindwa kazi yake.

2. Neno "usanifu" linaficha nini?

Tuanze kwa kusifu panapostahili. Neno "kichakataji" ni istilahi iliyoundwa kwa busara. Msomaji wa Tanga au Morogoro anajua kuchakata mkonge: majani huingia upande mmoja, nyuzi hutoka upande wa pili. Kichakataji cha kompyuta nacho hupokea data ghafi na kutoa data iliyotendewa kazi. Picha iliyomo katika neno inalingana na kazi ya kitu chenyewe.

"Usanifu" hauna bahati hiyo. Neno la Kiingereza tunalolifasiri hivyo, ambalo kwa wajenzi ni usanifu wa majengo, lilipewa maana mahususi katika taaluma ya kompyuta mwaka 1964, kampuni ya IBM ilipotangaza jamii ya mashine iliyoitwa System/360. Kabla ya hapo IBM ilikuwa ikiuza aina kadhaa za kompyuta zisizosikilizana: programu ya aina moja haikuweza kutumika katika aina nyingine. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks, katika makala yao ya kuieleza jamii ile mpya, walifafanua kwamba neno hilo litahusu sifa za mashine kama zinavyoonekana na mwandishi wa programu. Jinsi sakiti zinavyopangwa ndani, na vitu zinavyoundwa navyo, vilikuwa mambo mengine kabisa. Kwa sababu ya mgawanyo huo, mashine ndogo na mashine kubwa, zenye bei na kasi tofauti, ziliweza kuendesha programu zile zile.

Basi kuna mambo matatu yanayohitaji majina matatu. La kwanza ni chipu, yaani kile kipande chenyewe kinachoshikika. La pili ni mpango wake wa ndani, ambao mtengenezaji anaweza kuubadilisha kila mwaka bila mteja kujua. La tatu ni yale maagizo ambayo kichakataji kinayaelewa, pamoja na kanuni za kuyapanga. Intel na AMD hutengeneza chipu zilizo tofauti kwa ndani, lakini zinaelewa maagizo ya namna moja, na programu iliyoandikiwa moja hufanya kazi katika nyingine. Jambo linalomhusu mteja ni hilo la tatu, na "usanifu" huelekeza fikira zake kwenye mawili ya kwanza. Tena, kwa wasomaji wetu, neno hilo limekwisha kubeba mzigo wa lugha sanifu na usanifishaji. Kuliongezea mzigo mwingine ni kulivunja mgongo.

Baadhi ya wafasiri hutumia "seti ya maagizo". Hilo ni afadhali zaidi, lakini bado halitoshi, kwa kuwa seti ni orodha tu, na kinachobadilika si orodha peke yake. Sarufi pia hubadilika. Chukua mpangilio wa tarakimu. Kiswahili kilichukua neno ishirini kutoka Kiarabu, lakini hakikuchukua mpangilio wake: sisi husema "ishirini na tano", tukianza na kubwa, ambapo Mwarabu huanza na tano ndipo afuatishe ishirini. Idadi ni ile ile, ila ncha ya kuanzia ni tofauti. Vichakataji navyo hutofautiana vivyo hivyo. Kompyuta za Apple za PowerPC zilihifadhi namba kwa kutanguliza sehemu kubwa, na zile za Intel hutanguliza sehemu ndogo. Programu iliyoandika namba kwa desturi ya kwanza, ikisomwa kwa desturi ya pili bila marekebisho, hutoa hesabu za ajabu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "lugha ya maagizo". Lugha ina msamiati, sarufi, wasemaji na maandishi yaliyokwisha kuandikwa kwayo. Mtu akiambiwa kwamba ofisi yake inabadilishiwa lugha, mara moja atauliza: na majalada ya zamani nani atayasoma?

3. Mahame matatu

Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, ilitumia kichakataji cha Motorola 68000. Mwaka 1991 Apple, IBM na Motorola ziliungana kutengeneza PowerPC, na mnamo Machi 1994 mashine za kwanza za Power Macintosh zikatolewa. Ndani yake Apple iliweka programu iliyoelewa maagizo ya Motorola na kuyatimiza kwa kichakataji kipya, hata mteja akaweza kuendelea na kazi yake ya jana.

Hame la pili lilitangazwa na Steve Jobs huko San Francisco tarehe 6 Juni 2005. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameahidi kwamba Power Mac G5 itafikia kasi ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12, na ahadi hiyo haikutimia. Wala G5 haikupata kuwekwa katika kompyuta mpakato, kwa kuwa ilikula umeme na kutoa joto kupita kiasi. Jobs alitoa kipimo kilicho rahisi kueleweka: kwa vichakataji vilivyotarajiwa kuanzia katikati ya mwaka 2006, PowerPC ingetoa vizio 15 vya kazi kwa kila wati moja, na Intel ingetoa 70. Alifichua pia kwamba kwa muda wa miaka mitano kampuni ilikuwa ikiandaa kwa siri mfumo wake wa uendeshaji ili ufanye kazi katika Intel vilevile. Mashine za kwanza zilitoka Januari 2006, na kufikia Agosti ya mwaka ule ule aina zote zilikuwa zimekwisha kuhama.

Hame la tatu lilitangazwa Juni 2020. Safari hii Apple iliacha kununua vichakataji vya Intel, ikatumia chipu ilizozibuni yenyewe, zikitengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Chipu ya kwanza, M1, ilitoka Novemba 2020 ikiwa na transista bilioni 16. Lugha yake ya maagizo ni ya Arm, ambayo asili yake ni kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, iliyopata chipu yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1985. Hame hilo lilikamilika Juni 2023, Mac Pro ilipopata chipu mpya.

4. "Kuiga", kukalimani na kufasiri

Hapa ndipo istilahi zetu zinapotia aibu zaidi, na aibu hiyo ni yetu sisi wafasiri, maana jambo linalozungumzwa ni kazi yetu. Njia zote za kuendesha programu ya zamani katika kichakataji kipya tumezirundika chini ya neno moja, "kuiga". Katika Kiswahili mwigaji ni mtu wa kubandika sura ya mwenziwe bila kuwa na kiini chake, na methali zetu humcheka. Msomaji akiambiwa kwamba mashine mpya "inaiga" ile ya zamani, hudhani ni mchezo wa kuigiza. Zaidi ya hayo, neno hilo moja linafuta tofauti ambayo kila mfasiri anaijua.

Programu ya mwaka 1994 katika umbo lake la kwanza ilikuwa mkalimani. Ilichukua agizo moja la lugha ya zamani, ikatimiza maana yake, kisha ikachukua la pili. Agizo likirudiwa mara elfu, liliweza kukalimaniwa mara elfu. Anayejua kikao chenye mkalimani anajua jinsi kinavyokawia. Rosetta ya mwaka 2006 ilifasiri vipande vya programu wakati programu ikiendelea, na kuvihifadhi ili isivifasiri tena. Rosetta 2 ya mwaka 2020 ilikwenda mbali zaidi: kwa sehemu kubwa huifasiri programu nzima kabla ya kuiendesha, na kuhifadhi tafsiri hiyo, isipokuwa kwa yale maagizo yanayozaliwa wakati kazi ikiendelea. Tena chipu yenyewe iliwekewa uwezo wa kufuata utaratibu wa Intel wa kupanga shughuli za kumbukumbu, ili mfasiri asihangaike na kanuni moja ngumu ya lugha ya asili. Ni kama mchapishaji aliyekubali kubadilisha mashine yake ya kupiga chapa kwa manufaa ya tafsiri. Jina lenyewe limetokana na lile jiwe lililopatikana Rashid, Misri, mwaka 1799, lenye maandishi ya namna tatu, ambalo lilimsaidia Champollion kuyasoma maandishi ya kale ya Misri mwaka 1822.

Kuna njia nyingine mbili. Mwandishi wa programu aliye na maandishi yake ya asili anaweza kuyageuza upya kuwa maagizo ya kichakataji kipya. Hiyo ni kufasiri kutoka asili, na kila mara ni bora kuliko kufasiri tafsiri. Anaweza pia kutoa nakala moja iliyobeba maagizo ya lugha mbili, mashine ikajichagulia yake, kama kitabu chenye Kiswahili ukurasa wa kushoto na Kiarabu ukurasa wa kulia. Apple ilihimiza njia hizo katika mahame yote matatu.

Tofauti hizi zina uzito wa fedha. Ofisi inayomiliki maandishi ya asili ya programu yake inaweza kuhama kila mtengenezaji anapohama. Ofisi iliyonunua maagizo ya mashine peke yake, na aliyeyaandika amekwisha kufunga duka, inategemea mkalimani au mfasiri wa mtengenezaji, na mtengenezaji anaweza kumwondoa siku yoyote apendayo. Rosetta ya kwanza iliondolewa katika toleo la mfumo lililotoka mwaka 2011. Programu zilizokuwa za zamani zaidi, zile za kabla ya mfumo wa Mac OS X, hazikupata hata nafasi hiyo: mashine za Intel hazikuziendesha tangu siku ya kwanza.

5. Kuacha lugha na kuipanua

Ili hukumu yetu isiegemee upande wa waliofaulu peke yao, inafaa tutazame jaribio lililoshindwa. Mwaka 1994 Intel na Hewlett-Packard zilitangaza ushirikiano wa kubuni lugha mpya kabisa ya maagizo kwa kompyuta kubwa za kazi. Matunda yake, Itanium, yalitoka mwaka 2001. Hewlett-Packard iliyafungia njia vichakataji vyake vya PA-RISC, na baadaye Alpha iliyoirithi kwa kuinunua Compaq, ili wateja waelekezwe huko. Itanium iliweza kuendesha programu za Intel za zamani, lakini kwa uzito uliowachosha watu, na programu zilizoandikwa kwa lugha yake mpya hazikuwa nyingi.

Wakati huo AMD ilishika njia nyingine. Mwaka 2003 ilitoa Opteron, ambayo haikuiacha lugha ya zamani iliyotokana na Intel 8086 ya mwaka 1978, ila iliipanua ili iweze kushughulikia namba na kumbukumbu kubwa zaidi. Programu ya zamani ilifanya kazi bila mkalimani wala mfasiri, na mpya ikapata nafasi. Mwaka 2004 Intel yenyewe ilianza kuuza vichakataji vilivyofuata upanuzi ule wa mshindani wake. Itanium za mwisho zilipelekwa kwa wanunuzi mwaka 2021.

Kwa lugha ya "usanifu", hadithi hizi mbili zinasomeka sawasawa: kampuni moja ilibadilisha usanifu na nyingine nayo ikabadilisha usanifu. Kwa istilahi tunazozipendekeza tofauti inajitokeza yenyewe. Moja iliacha lugha, nyingine iliipanua. Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuhitaji kufundishwa maana ya kupanua lugha pasipo kuwanyima haki waliokwisha kuandika kwayo.

6. Je, mtengenezaji abadili?

Msomaji wa jarida hili ana mfano ulio karibu naye zaidi wa kupima gharama za kuhama. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kushika nafasi. Hati mpya zilikuwa na faida iliyo wazi: zilitenganisha irabu zetu tano, ambapo alama za kawaida za Kiarabu ni tatu tu. Hata hivyo, miswada haikuhama yenyewe. Kila utenzi ulihitaji mtu anayejua hati zote mbili aketi na kuunakili, akiamua mara kwa mara kama herufi fulani isomwe *o* au *u*. Ule ambao haukumpata mtu huyo umebaki sandukuni, na wajukuu wa mwandishi hawawezi kuusoma. Uamuzi wa kuhama unaweza kuwa wa haki na bado ukaacha deni kwa waliotangulia.

Kwa maoni yetu, mtengenezaji ana haki ya kubadili lugha ya maagizo pale masharti matatu yanapotimia. Kwanza, njia ya zamani iwe imefungika kweli, wala isiwe imechusha tu. Mwaka 2005 sharti hili lilitimia: kampuni isiyoweza kuweka kichakataji chake bora katika kompyuta mpakato haikuwa na mustakabali. Pili, mtengenezaji awe na mamlaka juu ya mashine, mfumo wa uendeshaji na chombo cha kufasiria, ili daraja alijenge mwenyewe. Apple ilikuwa nayo yote matatu. Intel, iliyouza chipu kwa watu wenye mifumo yao na programu zao, haikuwa nayo. Tatu, urefu wa daraja utangazwe kabla watu hawajaanza kuvuka.

Katika sharti la tatu tunayo malalamiko. Mac Pro yenye kichakataji cha Intel iliendelea kuuzwa hadi Juni 2023. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS 26, ya mwaka huo, ndiyo toleo la mwisho kwa mashine za Intel, na kwamba Rosetta 2 itaendelea kwa ukamilifu wake hadi macOS 27 tu, kisha ibakie kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani. Tangazo hilo ni la uungwana kwa aliyekuwa na mashine mpya, lakini lilimfikia aliyenunua Mac Pro ya mwisho miaka miwili baada ya kutoa fedha zake. Hivyo tunahukumu kwamba mahame hayo yalifaa, ila deni lake waliachiwa wanunuzi wa mwisho wa lugha iliyokuwa ikiachwa. Kamati iliyosoma "usanifu" haiwezi kuliona deni hilo. Kamati iliyosoma "lugha ya maagizo" italiuliza kabla ya kutia sahihi.

7. Mapendekezo

Tunaomba wafasiri, walimu na maofisa wazijaribu istilahi zifuatazo na kutuletea maoni yao:

(a) *chipu*: kipande chenyewe kilichotengenezwa kiwandani;
(b) *mpango wa ndani*: jinsi sakiti za kichakataji zilivyopangwa;
(c) *lugha ya maagizo*: maagizo yote ambayo kichakataji kinayaelewa, pamoja na kanuni zake; itumike mahali pa "usanifu wa kichakataji";
(d) *ukalimani wa programu*: kuyatimiza maagizo ya lugha nyingine moja baada ya moja, programu ikiendelea;
(e) *tafsiri ya programu*: kuyageuza maagizo ya lugha nyingine na kuyahifadhi kwa matumizi;
(f) *kufasiri kutoka asili*: kuyageuza upya maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ya kichakataji kingine;
(g) *nakala ya lugha mbili*: programu iliyobeba maagizo ya vichakataji viwili;
(h) *kuhama lugha* na *kupanua lugha*: vitenzi viwili visivyopaswa kuchanganywa.

Itasemwa kwamba "lugha" limekwisha kutumika kwa lugha za kuandikia programu. Ni kweli, na ndiyo sababu tumesisitiza "ya maagizo". Lugha za programu huandikwa na watu, na lugha ya maagizo husomwa na mashine. Mwalimu anayefundisha tofauti hiyo katika kipindi kimoja atakuwa amefundisha pia kazi ya ile programu inayogeuza ya kwanza kuwa ya pili.

Kwa maofisa tunaongeza ombi moja. Kila hati ya ununuzi wa kompyuta iwe na maswali manne kwa Kiswahili: mashine hizi zinatumia lugha gani ya maagizo, programu zetu zimeandikwa kwa lugha gani, nani anayo maandishi yake ya asili, na kama tunategemea tafsiri, itadumu hadi mwaka gani? Ile ofisi niliyoitaja mwanzoni iliandika upya mishahara ya watumishi wake kwa mkono kwa muda wa miezi miwili. Hati yake ilikuwa na kurasa nyingi, na swali la tatu halikuwemo katika hata mmoja.